Bomba la Chumba cha Mama

Mama alivunjika nyonga akitoka chooni. Ilikuwa masika, nyumbani kwetu Bashay, na choo chetu kiko chini ya zizi, hatua kama arobaini kutoka mlango wa jikoni, kwenye kijia cha udongo ambao ukilowa unateleza kama mlenda. Alilala pale kwenye tope mpaka wifi yangu, mke wa kaka, alipotoka kwenda kukamua akamsikia anaita. Hakuwa anapiga kelele. Wifi anasema aliita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Wakati huo mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku Gendabi, chini ya mlima, nimepanga vyumba viwili, na nilikuwa na kiwanja nilichokipata miaka kadhaa nyuma ambacho sikuwa nimekigusa zaidi ya kulima maharage. Nilipomwona mama kwenye kitanda cha hospitali, mdogo kuliko nilivyomzoea, niliamua kujenga. Sikuanza na idadi ya vyumba wala aina ya bati. Nilianza na jambo moja: mama awe na chumba chenye choo chake, na kati ya kitanda na choo pasiwe na ngazi hata moja.

Nilichora ramani mwenyewe kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye vijisanduku. Kijisanduku kimoja kilikuwa nusu mita. Mbele, upande wa barabara, niliweka sebule kubwa yenye madirisha mawili, moja la kuutazama mlima. Nyuma, upande wa chini, niliweka chumba cha mama na choo chake, kwa sababu niliona choo ni kitu cha nyuma. Jiko niliamua libaki nje, kama tulivyozoea.

Fundi niliyempata alikuwa mzee wa Masakta, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye walimu wengi walimsifu kwa kazi ya mawe. Alijenga msingi wangu vizuri sana. Hata leo nikiutazama naona mkono wa mtu anayejua kazi yake. Msingi ulipokwisha na kifusi kikaanza kujazwa, nilimuuliza mabomba ya choo yatapita wapi.

"Bomba ni mwisho, mwalimu," alisema. "Tunamwaga jamvi, tunapandisha kuta, tunaezeka. Ukishakuwa tayari na mambo ya choo, tunatoboa sakafu tunapitisha."

Jamvi ni lile zege la sakafu linalomwagwa juu ya kifusi, na mimi sikujua kwamba kulitoboa ni kazi. Nikasema sawa.

Chini ya kiwanja changu kuna boma la mama mmoja wa Kibarabaig, mjane, umri mmoja na mama yangu. Tulikuwa tunasalimiana kila siku ninapopita. Jioni moja alipanda mpaka kwenye msingi akiwa na kibuyu cha maziwa mgando, akanipa, akakaa kwenye rundo la mawe na kunyoosha miguu.

"Shikamoo mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba ni nzuri." Alizungusha macho akiangalia vyumba vilivyokuwa bado mistari tu ya mawe. "Maji yake yatakwenda wapi?"

Tangu matope yaliposhuka mlimani na kuchukua watu na nyumba, hapa kwetu mtu hajengi bila kuulizwa swali hilo. Nilidhani anaulizia maji ya mvua. Nikamweleza kuhusu mfereji wa juu ambao fundi angeuchimba kuyakata.

"Ya mvua nimeona," alisema. "Ya choo."

Nikamwonyesha kwa mkono: nyuma, kule chini, ambako nilishachomeka vijiti vinne vya kuonyesha shimo litachimbwa wapi. Alitazama vile vijiti.

"Kule chini ni kwangu."

"Hapana mama, shimo litakuwa ndani ya mpaka wangu. Nafasi imebaki kabisa."

"Shimo ndani ya mpaka wako, sawa. Na maji yakishaingia chini ya udongo, utayazuia wewe?"

Hakusema kwa ukali. Aliinuka, akajikung'uta, akaniambia nimrudishie kibuyu nikimaliza, akateremka taratibu. Mimi nilibaki nimesimama pale. Kisha nikaenda kwenye vile vijiti na kuanza kuhesabu hatua kuteremka, mpaka kwenye kisima chake kifupi kilichozungushiwa miiba, anachonyweshea ndama. Zilikuwa hatua ishirini na mbili. Kando ya kisima palikuwa na ndoo ya plastiki na kikombe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba si ndama tu wanaokunywa pale.

Nitasema ukweli: sikufurahi. Kesho yake nilipita bomani kwake nikamsalimu kwa haraka, nikajifanya nawahi kengele. Nilijiambia kwamba nilinunua kiwanja kihalali, kwamba kisima kinaweza kuhamishwa, kwamba mama yangu ni mgonjwa. Kila nilichojiambia kilikuwa na ukweli ndani yake, na bado nilijua kile kikombe kiko wapi.

Nilimpelekea fundi habari. Alikuna kidevu.

"Basi shimo tulilete mbele, kwenye kona ya barabara," alisema. "Pale hakuna kisima cha mtu, na maji yakinywea yanaelekea kwenye mfereji wa barabara, si bomani."

"Na choo kibaki nyuma?"

"Kibaki. Bomba lipite chini ya nyumba mpaka mbele."

Lilisikika jambo jepesi. Alichukua nondo na nyundo akaanza kupigilia ardhini kwenye mstari ambao bomba lingepita. Hatua ya tatu nondo iligonga mwamba, kina cha goti. Akasogea kushoto, akagonga mwamba tena. Akaleta mpira mwembamba wa kupimia usawa kwa maji, ule unaopitisha mwanga, mimi nikashika ncha moja nyuma na yeye akashika nyingine mbele, maji yakatulia kila upande, akaweka alama. Akapima kwa futi. Akapima tena.

"Bomba la choo lazima literemke," alinieleza, akiinamisha kiganja kunionyesha. "Kila mita, kama sentimita mbili na nusu. Likilala sawa, uchafu unakaa njiani. Kutoka kule nyuma mpaka hapa ni mita kumi na nne. Chini siwezi kushuka, kuna mwamba. Kwa hiyo lazima sakafu yote ipande."

"Ipande kiasi gani?"

"Ngazi tatu mlangoni."

"Mama hapandi ngazi, fundi."

"Najua," alisema. Akaanza kukunja mpira wake.

Siku tatu nilitembea na ile karatasi ya vijisanduku kwenye mkoba. Nilikuwa naitoa ofisini wakati wenzangu wanasahihisha madaftari. Nilijaribu kugeuza mlango, kupunguza korido, kukata chumba changu. Jibu nilikuwa naliona tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nalizunguka. Kama shimo liko mbele, choo kiwe mbele. Na kama choo kiko mbele, chumba cha mama kiwe mbele, pale pale penye sebule yangu.

Ni vigumu kueleza jinsi sebule inavyoweza kumuuma mtu. Nimekaa nyumba za kupanga tangu nilipomaliza chuo. Wageni wangu nimewakalisha kitandani, na sahani tumezishika mapajani. Nilikuwa nimeshapima mapazia ya yale madirisha mawili kichwani mwangu, nikajiona nimekaa pale Jumapili baada ya ibada, mlima uko wazi, mtu akipita barabarani ananiona nimekaa kwangu. Siku ya nne nilikaa chini nikafuta neno "sebule" kwa ufutio mpaka karatasi ikachubuka, nikaandika "mama".

Fundi alipoiona ile karatasi alicheka kwa mara ya kwanza.

"Choo mbele ya nyumba? Mwalimu, watu watasema fundi alishika ramani kichwa chini."

"Waambie mwenye nyumba ndiye aliyeshika."

"Na wageni utawapokea wapi?"

"Nyuma. Watazunguka."

Aliangalia karatasi muda mrefu, akapima kwa macho kutoka kona ya chumba mpaka alama ya shimo. Mita tano tu. Mwamba haukuwepo upande ule. Alitikisa kichwa kukubali. Ila nilipomwambia kwamba sasa nataka mabomba yatangulie, yalazwe kabla ya jamvi kumwagwa ili tusije kulitoboa, uso wake ulibadilika. Alisema tutaona. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa yake alikuja akafanya kazi ndogo ndogo, akapanga mawe ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Nikamfuata, nikamsalimu, nikakaa karibu naye.

"Fundi, kuna tatizo?"

Aliweka mwiko chini.

"Nikwambie ukweli, mwalimu. Nyumba yenye choo ndani nimejenga moja tu maishani. Kwa mzee mmoja aliyestaafu, alitaka kumpumzisha mkewe. Mabomba nililaza mwenyewe, nikafunika, nikamwaga zege. Sikupitisha maji kuangalia. Haukuisha mwaka pakaziba. Wakavunja sakafu kutafuta penye tatizo, wakavunja mahali pawili, hawakupata. Mpaka leo wale wazee wanatumia choo cha nje. Nikiwa na safari upande ule, nazungukia njia ya juu nisipite mlangoni kwao."

Nilikuwa nimemdhania mkaidi. Kumbe lile neno lake la kutoboa baadaye lilikuwa njia ya kuiahirisha siku yenyewe.

"Hii tutaijaribu kabla ya kufunika," nilimwambia. "Wote tukiangalia. Ikikataa tunaitoa, tunaanza upya. Sina haraka."

"Mama yako anayo haraka," alisema. Kisha akaokota mwiko wake. "Nitaijaribu mara mbili."

Mwezi huo kaka alimleta mama kutoka Bashay. Alikuwa anatembea kwa fimbo, hatua fupi. Nilimweka kwenye vyumba vyangu vya kupanga, na Jumamosi nikampeleka kuona kiwanja. Nilitaka aone mahali kitanda chake kitakapokaa. Fundi alikuwa amelaza bomba la inchi nne ndani ya mtaro, amelitandikia mchanga chini lisikae juu ya mawe, na alikuwa anajenga chemba, kile kisanduku cha tofali chenye mfuniko ambacho mtu anaweza kukifungua kuzibua bila kuvunja kitu. Nilimweleza mama kila kitu kwa Kiiraqw, nikimwonyesha kwa fimbo yake: kitanda hapa, mlango hapa, choo hapa.

"Hapa hapa?" aliuliza. "Ninapolala?"

"Pembeni, mama. Kuna ukuta na mlango."

"Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo ng'ombe walilala ndani na watu wakatoka nje kwenda haja," alisema. "Harufu ya ng'ombe haina aibu. Hii ina aibu."

Nilitaka kumjibu kwa maneno ya mwalimu, kuhusu maji yanayobaki kwenye kona ya bomba na kuzuia harufu. Kabla sijaanza, jirani yangu alifika. Alikuwa ameona watu. Tangu nilipohamisha vile vijiti alikuwa hajasema lolote, ila maziwa aliyokuwa ananiletea yalikuwa yameongezeka. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mifugo na za mvua. Mama hajui Kibarabaig na yule hajui Kiiraqw, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, ambacho wote wawili wanakitembeza polepole kama njia ya mawe. Nikawaacha wamekaa kwenye kivuli cha rundo la tofali, nikaenda kumshikia fundi futi. Nilikuwa hatua chache tu, nawasikia.

"Mguu unauma?" jirani aliuliza.

"Mguu umezoea. Kinachonishinda ni kwenda nje." Mama aliigeuza fimbo yake. "Chai ya mchana nimeacha. Uji nakunywa kidogo. Nikinywa, lazima mtu anishike mkono anipeleke, na wao wana kazi."

"Tangu lini?"

"Kabla sijavunjika. Miaka miwili. Usiku mrefu, choo mbali."

Jirani aliguna. "Hata mimi," alisema. "Maziwa ya jioni siyagusi. Wakwe wanafikiri sina hamu."

Waliguna pamoja, nusu kicheko.

Nilishika ile futi mpaka fundi akaniuliza kama naisoma au naiombea. Miaka miwili nilikuwa nakwenda Bashay likizo, naweka chai mezani, mama anasema ameshakunywa. Daktari aliniambia kuwa amekauka maji mwilini na mimi nikamgombeza wifi. Sikuwahi kuuliza kwa nini mtu mzima asiikaribie chai nyumbani kwake. Nilimpa fundi futi yake, nikaenda nyuma ya rundo la mchanga nikasimama huko mpaka uso ukapoa.

Jaribio la kwanza lilifanyika siku mbili baadaye. Fundi alimwaga ndoo nzima pale choo kitakapokaa, mimi nikakimbilia kwenye chemba. Maji yalitoka yakiwa yamebeba vumbi na vipande vya majani makavu. Akamwaga ya pili, nayo ikatoka. Alijipangusa mikono kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Zege lilipangwa kumwagwa Ijumaa. Vibarua walifika asubuhi, mchanga na kokoto vikachanganywa. Walikuwa wanataka kuanza kutia maji, jirani yangu akapanda haraka, anapumua kwa nguvu.

"Mwalimu, simamisheni. Ndama wangu wametoka alfajiri wakapanda juu ya kifusi chako. Nimeona nyayo. Wamepita juu ya bomba."

Mmoja wa vibarua alisema bomba ni gumu, ndama ni wepesi, na jua likipanda zege litakauka vibaya. Nilimtazama fundi. Kwa macho hapakuwa na kitu. Bomba lilikuwa limelala vile vile, nusu limefunikwa mchanga, na nyayo ndogo zimepita juu yake.

"Leteni ndoo," fundi alisema.

Alimwaga. Nikasimama kwenye chemba nikiinama. Kilitoka kijito chembamba, kikakatika. Akamwaga ndoo ya pili. Kijito kile kile. Maji mengine yalikuwa yamekwenda mahali. Fundi alipiga magoti akaanza kuondoa mchanga kwa mikono, bila koleo, akifuata bomba sentimita kwa sentimita, mpaka akafika kwenye maungio yaliyokuwa chini kabisa ya mahali kitanda cha mama kingekaa. Yalikuwa yameachia, upana wa kidole.

Jirani alianza kusema pole, kwamba ndama ni wake, kwamba atalipa mbuzi. Fundi alimkatiza, akiwa bado amepiga magoti.

"Mama, usitoe kitu. Ungenyamaza, tungefunika."

Alitoa kipande, akasafisha, akapaka gundi upya, akakishikilia kwa mikono miwili kwa muda mrefu kuliko gundi inavyotaka. Zege lilimwagwa Jumamosi badala ya Ijumaa, baada ya ndoo nne na baada ya mimi, mama na jirani wote kuona maji yakitoka. Jirani alileta miiba yake mwenyewe na kuuzungushia msingi.

Tulihamia kabla ya Krismasi, kuta hazijapakwa rangi. Wageni wanazunguka nyuma, na wengine bado wanagonga dirisha la mama wakidhani ndiyo sebule. Yeye anawafungulia pazia na kuwahoji kabisa kabla hajawaelekeza.

Wiki ya kwanza hakukitumia kile choo. Alitumia ndoo aliyoileta kutoka Bashay na akaificha chini ya kitanda, nami nikajifanya sioni. Nilidhani ni ile aibu ya harufu. Siku moja nikamuuliza polepole. Kumbe mlango haukuwa na komeo kwa ndani.

Niliogopa komeo. Nilimwaza ameanguka, amejifungia, na mimi niko darasani. Nilimwendea fundi tukajadiliana jambo hilo kama watu wanaojadili daraja. Alikuja na komeo dogo, akalipachika chini ambapo mkono wa mama unafika akiwa amekaa, na akageuza mlango ufungukie nje, ili ikibidi kuuvunja usimwangukie. Alifunga pia bomba fupi ukutani la kushikilia. Mama alimsimamia muda wote akimwambia palipopinda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda shule, nikaenda kumuaga. Kitanda kilikuwa kitupu. Nikagonga mlango wa choo.

"Mama, uko salama?"

Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Nenda kazini," alisema kutoka ndani. "Mtu hawezi kukaa hata kidogo kwenye nyumba hii?"

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.